Ziwa la Pili

Kaburi la kumi na saba lilikuwa chini ya viazi.
Mzee Ilgvars alilikuta Aprili kwa plau ya trekta,
akazima injini, akavua kofia,
akampigia simu mkewe kabla ya kuwapigia makumbusho.
"Kuna mtu hapa," alisema.
Hakusema mifupa.

Tulikwenda na miiko, brashi, turubai moja lenye tundu.
Alilala chali, nyayo zikielekea maji.
Ngeu ilikuwa imemwagwa kichwani na kifuani,
nyekundu bado,
kana kwamba aliyeimwaga yuko nyuma yetu
anakung'uta mikono.
Kiunoni meno ya wanyama, mia moja na manne, yametobolewa:
mshipi ulishaoza, meno yakabaki kwenye foleni yao
yakiusubiri.
Skaidrīte aliyahesabu mara mbili kwa sauti
na mara ya tatu kimya.

Maabara haijui adabu za matanga.
Kule Riga nilitoboa gego, nikatoboa ubavu,
nikapata unga haba, haufiki chumvi ya kuonjea mchuzi.
Mashine ikanguruma usiku kucha
mimi nikisinzia juu ya koti langu.

Gego la kwanza huumbwa utotoni, halibadili kauli.
Ubavu ni kigeugeu, hujijenga upya
kwa ulichokula miaka ya karibuni.
Basi kila maiti huja na mashahidi wawili,
na asubuhi ile mashahidi hawakupatana.

Ubavu ulisema samaki. Samaki, samaki, samaki,
naitrojeni imepanda ngazi hadi juu.
Gego likasema: nyama ya msitu wa ndani,
kokwa za mwitu, asali.
(Asali nimeitia mimi. Mashine haikusema asali.)

Wale kumi na sita wa makaburi jirani
ni watu wa majini toka gego hadi ubavu.
Waliachishwa ziwa moja wakapewa la pili,
hili hapa, lenye matete na ukungu,
wakalinyonya mpaka kufa.
Huyu alilikuta akiwa mtu mzima.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe ndoano.

Nilimpelekea Skaidrīte karatasi. Akaisoma amesimama.
Yeye ni wa mashariki, kwenye mashamba ya shayiri;
aliolewa huku, kwenye nyumba inayonuka moshi wa samaki
hata Krismasi.
"Mama mkwe alinipa supu yenye kichwa," akasema,
"jicho linanitazama.
Mwaka wa kwanza nilikuwa nameza tu, sitafuni."
Akacheka kidogo. Akakunja karatasi
mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Kisha akafungua sanduku la kumi na saba
tukarudia orodha, maana mifupa midogo hujificha.
Makaburi yale mengine yote yana miiba,
masurufu ya safari, chuguu dogo karibu na bega:
watu walimpa maiti wao kile alichokipenda,
au walichokipenda wao, nani ajuaye.
Kwake, mwiba hata mmoja haukuwepo.
Tulichekecha udongo upya. Hakuna.
Ila katika kiganja cha kushoto, vidole vimefumba,
maganda ya kokwa, yameungua, ishirini na matatu.

Kokwa hazioti kando ya ziwa lile.
Tuseme leo hazioti; zamani sijui,
na ripoti yangu itaandika sijui.
Lakini kuna mtu alizitafuta.
Mtu mla samaki, mwana wa wala samaki,
aliyekaa naye motoni miaka yote ile
akimwona anavyomeza
na hakusema kitu
mpaka siku ya kumfumba vidole.

Ilgvars alipanda viazi vyake, akaruka kipande kile;
sasa kimeota magugu.
Skaidrīte aliomba kutoka mapema siku hiyo.
Anakwenda kwa mama mkwe, alisema,
na njiani atapita sokoni.